Nyaraka za Sol Hurok ziko wapi, na zinasomwaje?

Swali: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu ziara za Marian Anderson, yule mwimbaji wa Marekani wa kontralto, yaani sauti nzito ya kike. Kila kitabu kinamtaja meneja wake, Sol Hurok, mhamiaji aliyetoka Urusi. Nimetafuta nyaraka za Hurok mtandaoni nikaambulia vipande vipande. Je, zipo mahali pamoja? Nikizipata nianzie wapi? Niko Dodoma na nauli ya Marekani sina.

Jibu: Usizitegemee mahali pamoja, dada, na ukiendelea kuandika "Hurok" peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia utazidi kuambulia vipande. Meneja wa matamasha kazi yake ni kuwaandikia watu. Barua iliyotiwa saini inaishia kwa aliyeipokea. Ofisini hubaki nakala ya kaboni tu, ile ya karatasi nyembamba inayopigwa taipu pamoja na barua yenyewe, na ofisi ikivunjika, nakala nazo hutawanyika. Kampuni ya Hurok ilishauzwa kabla hajafariki tarehe 5 Machi 1974, na baadaye wafanyakazi wake wakaenda kwingine. Kwa hiyo karatasi za Hurok hutafutwa kwa majina ya wale aliowaandikia. Wewe una bahati, maana aliyeandikiwa mara nyingi kuliko wengi ni huyohuyo unayemsoma.

Lakini tuanze na jina, kwa sababu hapo wengi hukwama. Hurok alizaliwa Pogar, mji mdogo wa Dola ya Urusi, mwaka 1888, kwa jina la Solomon Izrailevich Gurkov. Alifika Marekani mwaka 1906 na kupata uraia mwaka 1914. Kwenye mabango na mikataba ya Kiingereza yeye ni "S. Hurok", kwa hiyo tafuta kwa "S." na kwa "Sol", maana baadhi ya katalogi hazijui kuwa ni mtu mmoja. Kwa Kirusi anaandikwa Юрок, na maktaba za Magharibi zikilihamisha jina hilo kwenye herufi zetu hupata Yurok au Iurok. Jina la kuzaliwa ni Гурков. Mtu akiingia kwenye orodha ya Moscow na "Hurok" yake mkononi ataona patupu, aandike kwenye tasnifu kwamba hakuna kitu, kumbe vitu vipo.

Tarehe za Kirusi nazo zina mtego. Dola ya Urusi ilifuata kalenda ya Julian hadi 1918. Katika karne ya 19 kalenda hiyo ilikuwa nyuma kwa siku 12, na kuanzia Machi 1900 kwa siku 13. Tarehe 9 Aprili 1888 anayopewa Hurok vitabuni, kwa kalenda ya kwao ilikuwa 28 Machi. Ukikuta hati mbili zinazopishana kwa siku 12 au 13 usikimbilie kusema moja imekosewa.

Na ile hadithi kwamba karani wa bandarini New York ndiye aliyewabadilishia wahamiaji majina, iache. Orodha ya abiria iliandikwa na kampuni ya meli bandarini walikotoka, na karani wa Marekani aliisoma tu akauliza maswali. Wengi walibadilisha majina wenyewe baadaye, na mahali pa kuliona hilo ni faili la uraia. Kwa waliopewa uraia baada ya 27 Septemba 1906, serikali kuu ya Marekani ilihifadhi nakala ya faili, na leo mafaili hayo yanaombwa kwa idara ya uraia na uhamiaji, kwa ada. Kwa tasnifu yako huhitaji kwenda huko. Nimelitaja kwa sababu wasimamizi wako huenda wakakuuliza chanzo cha jina.

Sasa masanduku yenyewe. Mkusanyo mkubwa kuliko yote kwako ni wa Marian Anderson katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, kwenye kitengo cha mikusanyo maalumu kiitwacho Kislak Center. Namba yake ni Ms. Coll. 200. Humo barua hazikupangwa kwa matukio, zimepangwa kwa majina ya walioandikiana naye, kwa hiyo utafungua mwongozo wa mkusanyo na kutafuta kampuni ya Hurok, kisha majina ya wasaidizi wake. Hatua hiyo ya pili ndiyo watu huiruka. Ofisi ya Hurok ilikuwa na watu wake: Mae Frohman aliyekuwa msaidizi wake wa karibu, Gerald Goode aliyeshika matangazo, baadaye Martin Feinstein. Barua yenye uamuzi wa Hurok inaweza kuwa na saini ya mwingine kabisa. Angalia chini kushoto, baada ya saini, utaona herufi zilizopigwa kwa taipu kama "SH:ab". Za kwanza, kubwa, ni za aliyeamuru barua iandikwe. Za pili, ndogo, ni za mpiga chapa. Saini ikikosekana kwenye karatasi nyembamba isiyo na nembo, huenda unaangalia nakala ya kaboni. Igeuze nyuma uone kama kuna maandishi ya penseli.

Usianzie kwa Hurok pia. Kabla yake Anderson alikuwa chini ya mameneja wengine, Arthur Judson huko Marekani na Helmer Enwall huko Sweden. Hurok alimsikia Paris mwaka 1935, na tarehe 30 Desemba mwaka huohuo akamrudisha nyumbani kwa tamasha la Town Hall, New York. Barua za kipindi cha kukabidhiana msanii kutoka meneja mmoja hadi mwingine ndizo zenye utamu: humo watu hutaja ada waziwazi, hulalamika, hudai madeni. Meneja na msanii wakishazoeana humalizana kwa simu, na karatasi zinakauka.

Nje ya Philadelphia, mfano mzuri wa jinsi ya kuzungukia jambo ni mwaka 1939. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilitaka Anderson aimbe Constitution Hall tarehe 9 Aprili. Wenye ukumbi, chama cha wanawake kiitwacho Daughters of the American Revolution, walikataa, kwani masharti yao yaliruhusu wasanii weupe tu. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajitoa kwenye chama hicho kwa barua ya 26 Februari, na tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, Anderson akaimba kwenye ngazi za Lincoln Memorial mbele ya watu wanaokadiriwa 75,000. Ukilisoma tukio hili kwenye kumbukumbu alizochapisha Hurok mwaka 1946 utadhani lilifanywa na Hurok. Fuata karatasi uone. Aliyebishana na ukumbi kwa niaba ya waandaaji ni V. D. Johnston, mweka hazina wa Howard, na mkusanyo wa mgogoro huo uko Howard kwenyewe, Moorland-Spingarn Research Center. Mipango ya Walter White na chama chake cha NAACP, kilichotetea haki za watu weusi, imo kwenye kumbukumbu za NAACP, Library of Congress. Ruhusa ya kutumia Lincoln Memorial ilitoka kwa Harold Ickes, waziri wa mambo ya ndani, kwa hiyo upande wake umo kwenye nyaraka za serikali. Barua ya Eleanor Roosevelt iko kwenye karatasi zake, Hyde Park, jimbo la New York. Weka barua hizo kwa siku zilivyofuatana, kisha ndipo uirudie simulizi ya Hurok. Meneja anayeandika kumbukumbu zake bado anauza tiketi.

Hurok pia hakufanya kazi peke yake. Kwa miaka kadhaa alishirikiana na tawi la wasanii la redio ya NBC, ambalo NBC ililiachia mwaka 1941 serikali ilipoyabana mashirika ya redio. Nyaraka za NBC zimegawanyika kati ya Library of Congress na Wisconsin Historical Society, Madison. Maktaba ya sanaa za jukwaani ya New York Public Library, pale Lincoln Center, ina programu na picha za makundi ya ngoma aliyoyaleta. Kwa Anderson kuimba Metropolitan Opera tarehe 7 Januari 1955, kwa mwaliko wa mkuu wake Rudolf Bing, ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Vienna, ulizia hifadhi ya nyaraka ya opera hiyo. Ziara za Kisovieti, kundi la ngoma la Moiseyev mwaka 1958 na la baleti la Bolshoi mwaka 1959, ni habari nyingine: zilipita kwenye mkataba wa utamaduni wa 27 Januari 1958, upande mmoja uko nyaraka za wizara ya mambo ya nje ya Marekani, College Park, Maryland, na mwingine RGALI, hifadhi ya Urusi ya nyaraka za fasihi na sanaa, Moscow, unakonukuu kwa fondi (yaani mkusanyo), orodha, faili na ukurasa. Hazikuhusu sana.

Ukishafungua sanduku, acha barua kwanza. Chukua ratiba za ziara. Ratiba ya meneja ni karatasi moja au mbili kwa mwezi: tarehe, mji, ukumbi, mwandaaji wa mji huo, treni ya kuondoka na kufika, hoteli. Nakili kila mstari kwenye jedwali lako la kompyuta, mstari mmoja kwa siku moja, hata siku za mapumziko. Halafu linganisha na programu zilizochapishwa na magazeti ya mji ule, kwa sababu ratiba inaonyesha kilichopangwa, na kilichopangwa si lazima kilifanyika. Mafua, theluji na mwandaaji aliyefilisika havimo kwenye ratiba.

Safu ya hoteli isome polepole. Kwa msanii mweupe safu hiyo ina jina la hoteli. Kwa Anderson, miji ambayo hoteli hazikuwapokea watu weusi, alilala kwenye nyumba za watu. Princeton mwaka 1937 hoteli ilimkatalia akalala kwa Albert Einstein. Kwa hiyo nafasi iliyoachwa wazi, au anwani ya mtaa badala ya jina la hoteli, ni data. Iwekee alama yake kwenye jedwali, usiandike "haijulikani" ukapita.

Telegramu zina adabu yake. Kwenye kichwa cha karatasi, kabla ya maneno yenyewe, kuna ofisi ilikotumwa, saa, idadi ya maneno na mara nyingi herufi kama NL. NL ni barua ya usiku: ya bei nafuu, inatumwa jioni na kumfikia mtu asubuhi. Uzito wake ni kwenye mpangilio wa matukio. Telegramu ya NL ya tarehe 11 imesomwa tarehe 12; ukiiweka kabla ya simu ya jioni ya tarehe 11 umegeuza sababu kuwa matokeo. Saa nazo ni za pale ilikotumwa. Chicago iko nyuma ya New York kwa saa moja, Los Angeles kwa saa tatu.

Tukija kwenye hela, hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika, nami nitakaa kidogo. Kuna karatasi tatu tofauti ambazo wanafunzi huzichanganya. Ya kwanza ni mkataba kati ya meneja na mwandaaji wa mji. Ya pili ni hesabu ya dirisha la tiketi usiku wa tamasha. Ya tatu ni taarifa ya malipo ambayo meneja humpelekea msanii. Namba ya "mapato" inaweza kuwa tatu tofauti kwa usiku mmoja, zote sahihi.

Anza na hesabu ya tiketi. Ina bei za madaraja ya viti, tiketi zilizochapishwa, zilizouzwa, zilizobaki na za bure. Jumlisha zilizouzwa, zilizobaki na za bure. Lazima zilingane na zilizochapishwa. Zisipolingana tafuta waliosimama nyuma, au viti vilivyoongezwa jukwaani, maana kwa tamasha lililojaa watu waliketi hadi nyuma ya piano. Tofauti ikibaki, iandike hivyo hivyo, usiilazimishe.

Kisha kodi. Marekani ilitoza kodi ya kiingilio, na ilipandishwa hadi asilimia 20 mwezi Aprili 1944, ikarudi asilimia 10 mwaka 1954. Chukua mfano wa ukumbi uliouza tiketi 2,000 kwa dola 2.40, kodi ikiwemo. Dirishani zimeingia dola 4,800, lakini 800 ni za serikali, ya kugawana ni 4,000. Mkataba ukisema msanii apate dhamana ya dola 1,500 au asilimia 60 ya mapato baada ya kodi, kipi kikubwa, fungu lake ni 2,400. Ukipiga asilimia 60 kwenye 4,800 utapata 2,880, na utamtuhumu Hurok kuwa amekula dola 480. Kabla hujamtuhumu mtu wizi, tafuta neno "baada ya kodi" au "kabla ya kodi" kwenye mkataba. Usilinganishe pia mapato ghafi ya 1943 na ya 1945 kana kwamba watu waliongezeka. Huenda iliyoongezeka ni kodi.

Taarifa ya malipo ndiyo inayoonyesha kilichomfikia mwimbaji. Kamisheni ya meneja kwa matamasha ilizoeleka kuwa asilimia 20, na kwa opera na redio 10. Baada ya hapo msanii alibeba gharama nyingi yeye mwenyewe. Tuseme ada ni dola 1,000: toa kamisheni 200, mpiga piano 100, treni na malazi 120, uchapaji na matangazo 60, zinabaki 520, na kodi ya mapato bado. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu. Zako utazipata faili kwa faili. Lakini angalia nani analipa kila kitu. Kwa wasanii wengine, Hurok alinunua matamasha kwa bei maalumu akabeba hasara na faida mwenyewe, na hapo neno "kamisheni" halipo kabisa kwenye karatasi. Huyo si meneja tena kwa maana ya kawaida, ni mfanyabiashara aliyenunua mzigo.

Kuna kitu kimoja kwenye mafaili ya Anderson ambacho hesabu pekee haitakuonyesha: mpango wa viti. Kusini mwa Marekani watu weusi walipewa roshani au safu za nyuma. Anderson na ofisi yake walidai mgawanyo wa wima, yaani ukumbi ukatwe kwa mstari unaotoka jukwaani hadi nyuma, ili kila daraja la viti, ya mbele kwa ya nyuma, liwe na watu wa pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 1950 akakataa kabisa kumbi zenye ubaguzi. Ukipata mpango wa viti wenye mstari au wenye namba za upande mmoja zilizotengwa, uweke sambamba na mkataba wa mji uleule. Sharti likiwa kwenye barua lakini halimo kwenye mkataba, hiyo ni habari. Likiwa kwenye mkataba lakini hesabu ya tiketi inaonyesha tiketi za "waliotengwa" zimeuzwa za roshani tu, hiyo ni habari kubwa zaidi.

Vitabu vya vipande vya magazeti vitumie kwa tahadhari. Vilibandikwa na watu wa matangazo, na mtu wa matangazo habandiki kejeli. Kipande chenye karatasi ndogo ya wakala wa kukata magazeti huwa na jina la gazeti na tarehe. Tarehe iliyoandikwa kwa mkono pembeni usiiamini mpaka uione kwenye gazeti lenyewe. Kwa Washington ni rahisi: gazeti la Evening Star liko bure kwenye mkusanyo wa mtandaoni wa Chronicling America hadi 1963. Humo usitafute maoni ya mhakiki peke yake, tafuta tangazo la wiki mbili kabla, lenye bei za viti.

Sasa namna ya kufanya haya ukiwa Dodoma. Pennsylvania imeweka mtandaoni sehemu nzuri ya mkusanyo wa Anderson bila malipo: programu, shajara, mahojiano, rekodi za sauti. Maliza hizo kwanza. Kisha pakua mwongozo wa mkusanyo wote na uandike orodha ya mafaili unayoyahitaji kwa namba ya sanduku na namba ya faili. Barua pepe kwa mkutubi iwe fupi: wewe ni nani, tasnifu inahusu nini, namba za mafaili, na swali moja kuhusu bei ya kunakili na idadi ya kurasa kwenye kila faili. Ukiomba "kila kitu kuhusu Hurok" utajibiwa kwa upole na hutapata kitu. Ukiomba mafaili matatu yenye namba, unahudumiwa. Wakikuambia faili lina kurasa 300 na hela haitoshi, omba ratiba na taarifa za malipo, barua zingoje.

Ukimpata mtu wa kukupigia picha kule, mwelekeze hivi: penseli tu, hakuna kalamu ya wino, faili moja mezani kwa wakati mmoja, bila flashi, picha ya kwanza iwe ya lebo ya faili, ndipo kurasa zifuate kwa mpangilio wake, na nyuma ya kila karatasi yenye alama yoyote. Zile nakala nyembamba za kaboni aweke karatasi nyeupe chini yake, la sivyo maandishi ya ukurasa wa chini yatapenya na hutasoma kitu. Majina ya picha yawe na namba zote, kwa mfano Penn_200_S012_F03_001. Picha mia nne zilizoitwa IMG ni sawa na kutokuwa na picha.

Kunukuu barua za Hurok ambazo hazijachapishwa kuna sheria yake. Kumiliki karatasi si kumiliki maneno. Maktaba ina karatasi, haki iko kwa warithi. Kwa sheria ya Marekani barua binafsi za mtu aliyefariki 1974 zinalindwa hadi mwisho wa 2044, na zile zilizoandikwa na wafanyakazi kwa niaba ya kampuni zina hesabu ndefu zaidi. Sentensi mbili tatu kwa uchambuzi ndani ya tasnifu hazileti shida. Ukitaka kuchapa barua nzima kwenye kitabu, muulize mkutubi kwanza.

Kwa ukubwa wa kazi ya uzamili, usijaribu miaka yote. Chukua msimu mmoja, Oktoba 1938 hadi Mei 1939. Jedwali liwe na safu tisa: tarehe, mji, ukumbi, mwandaaji, malazi, mpangilio wa viti, mapato baada ya kodi, fungu la msanii, na namba ya sanduku na faili ulikotoa kila taarifa. Safu ya tisa ijaze siku ileile unapoandika zile nane.